Kaka Desideri na Bunduki ya Mti

Maranda ya mninga yakiwa bado mabichi yana harufu tamu yenye uchungu kidogo ndani yake, kama chai ya tangawizi iliyosahauliwa jikoni. Hapa mjini Sumbawanga jirani yangu ni seremala, kijana mzuri, hunisalimia shikamoo bibi kila asubuhi hata kama jana yake tumegombana kwa sababu ya kuku wangu wanaopekua maranda yake. Majuzi alikuwa anaranda mbao za kitanda cha bibi harusi, upepo ukaniletea ile harufu mpaka mlangoni, uji ukanishinda. Niliingia ndani nikajifungia mchana kweupe. Mjukuu wangu akagonga, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia ndiyo, kichwa. Kichwa ni neno moja tu, na hili jingine ni refu.

Wala msisikie naitwa bibi mkadhani niliwaona Wajerumani. Kwetu tuliolewa mapema, na baridi ya Ufipa inakunja ngozi kabla ya siku zake. Nilikuwa na miaka kama kumi hivi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mitumba ilipoanza kutufikia kwa marobota na kila mtu akavaa asichokijua. Mwenyekiti wa kijiji chetu, mzee mwenye heshima zake, alijipatia koti zito jeusi lenye manyoya shingoni, akawa halivui, mikutanoni analo, misa ya Krismasi analo. Lilikuwa koti la kike. Sista mmoja wa misheni alilitambua akameza kicheko chake, na hakuna aliyethubutu kumwambia mzee. Ruksa kuvaa, ruksa kuuza, ruksa hata kusema ovyo juu ya wakubwa ukishakunywa pombe ya ulezi. Watu walisema nchi imefunguliwa madirisha.

Baba yangu alikuwa mchongaji. Si wa makabati, hapana. Yeye alichonga mipini ya majembe, vinu, michi, miko na mizinga ya nyuki. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Matai, pale ambapo barabara ya kwenda Kasanga inaanza kuchoka. Anayeijua Ufipa ya juu anajua miti hakuna. Ni nyasi, halafu upepo, halafu nyasi tena. Mti wa maana Baba aliufuata huko kwenye miteremko ya kuelekea ziwani, siku mbili kwenda, siku tatu kurudi na mzigo, kwa hiyo kwetu mti ulikuwa na heshima kama mgeni. Hata kipande kilichobaki hakikutupwa. Kilikuwa kijiko, au komeo la kufungia mlango wa mbuzi. Alipokuwa akimfundisha kaka yangu kushika tezo alimwambia kila siku neno lile lile: "Usikimbilie. Mkono ukishajifunza hausahau. Ukijifunza vibaya, utachonga vibaya mpaka kaburini."

Kaka yangu huyo ndiye Desideri. Alinizidi miaka kumi, kwa sababu wawili waliotutenganisha walikwenda na surua, na mimi nilikuja kama mtu aliyechelewa misa. Alinibeba mgongoni mpaka watu wakamtania kwamba atanyonyesha. Hakuwa msemaji. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ya kukionea aibu kikombe cha chai. Na uongo haukukaa kinywani mwake. Siku moja mbuzi wetu waliingia kwenye maharage ya jirani, mwenyewe hakujua wala asingejua, maana yalikuwa yamekwisha kuchanganyika na magugu. Kaka alikwenda kwa miguu yake kumwambia, "Mzee, mbuzi wangu wamekula maharage yako." Mzee akamjibu, "Kumbe nilikuwa na maharage?" Tulicheka mwezi mzima. Mama peke yake hakucheka. Alisema mtoto wa namna hii dunia itamtafuna bila chumvi.

Chini ya kilima chetu, mwendo wa nusu siku, walikuwa wamehamia wafugaji kutoka kaskazini, Wasukuma, na ng'ombe wengi kama nyasi. Kijana wao mmoja, Masanja, alikuwa rafiki wa Kaka. Ndiye aliyemfundisha kulima kwa maksai. Sisi Wafipa tulikuwa watu wa jembe la mkono na matuta ya nyasi zilizofukiwa, tunainama tangu alfajiri mpaka kiuno kinaomba talaka. Masanja alipopitisha plau katika shamba letu asubuhi moja, Baba alikaa chini kabisa, akasema, "Kumbe nimeteseka bure." Masanja alikuwa mcheshi. Aliniita mchumba wake mdogo, akaahidi kunitolea ng'ombe arobaini nikimaliza kuota meno. Lakini si wote waliowapenda. Ng'ombe wao waliingia mashambani, na ugomvi ulikuwa unapikwa polepole, kila mkutano unaongezewa kuni.

Basi ukafika mwaka wa mgambo. Mgambo ulikuwapo tangu zamani, lakini kwetu ulikuwa umelala. Mwaka huo likaja tangazo kwamba kila nyumba yenye kijana itoe kijana, wafundishwe kwata na silaha katika uwanja wa shule, na watu wakanong'ona kwamba ni kwa ajili ya wafugaji. Akaletwa mkufunzi, mtu wa mbali, mwembamba, mwenye filimbi shingoni isiyotoka hata akila. Tulimwita Afande Filimbi, lakini nyuma ya mgongo. Bunduki za kweli alikuja nazo tatu tu, na vijana walikuwa arobaini. Ndipo Mwenyekiti akaja kwa Baba na koti lake la manyoya: achonge bunduki za mti za kujifunzia, na yeye atamwondoa kwenye kazi ya kuchimba barabara mwaka mzima.

Baba alikuwa na mgongo mbovu na aliichukia ile barabara kama dhambi. Alikubali kabla Mwenyekiti hajamaliza uji.

Nisiwafiche, ilikuwa kazi nzuri. Baba hakujua kuchonga kitu kibaya. Aliazima kwa Afande bunduki moja ya kweli, akaikalisha mapajani mchana mzima akiipapasa kwa kidole gumba kama mganga anayetafuta uvimbe, halafu akaanza. Mninga wote aliokuwa ameuweka kwa mipini ya majembe aliumaliza. Ua wetu ulijaa maranda mekundu na ile harufu. Kazi yangu mimi ilikuwa kusugua kwa majani ya msasa mpaka ziteleze, na ngozi ya vidole vyangu ikatoka ikaota tena. Moja nilimchagulia Kaka. Niliisugua kuliko zote, nikaipaka mafuta ya karanga niliyomwibia Mama, nikachora ua dogo kwenye kitako kwa msumari. Niliona nampendelea.

Kaka siku hizo alikuwa shambani kwa Masanja, wanasaidiana kuvuna. Aliporudi alizikuta zimeegeshwa kwenye ghala la mahindi, zimejipanga.

"Baba, hizi ni nini?"

"Macho huna?"

Alisimama pale. Nikamletea ya kwake nimwonyeshe ua. Aliliangalia, akanishika kichwani, akaingia ndani. Ugali wake niliula mimi.

Asubuhi ya kwanza ya kwata kijiji kizima tulikwenda kutazama. Hakukuwa na sinema huko, mjue. Majina yakaitwa. Kaka hakujificha, alisimama kwenye mstari na wenzake. Lakini zilipogawiwa bunduki za mti, mikono yake aliiweka nyuma.

"Shika," akasema Afande.

"Siwezi, Afande."

"Mgonjwa?"

"Hapana. Siwezi tu."

Vijana wakaanza. "Mshikaji, shika bwana, tunagandishwa na baridi hapa!" Mwingine akasema, "Huyo anaogopa itamlipukia maranda." Afande akaigonga ile bunduki kwa kiganja, ko, ko, ko. "Unaogopa ukuni?"

Kaka akafikiri. Ndivyo alivyokuwa, ukimwuliza kitu anakifikiri kweli. Akasema, "Kama ni ukuni, Afande, tuupeleke jikoni."

Watu walicheka, hata Mwenyekiti ndani ya manyoya yake. Na kicheko kile ndicho kilichomharibia, maana Afande alidhani amechezewa. Kaka hakuwa anachekesha. Alieleza, maskini, kwa maneno yake machache: apewe jembe, atalima shamba la kijiji peke yake; apewe ndoo, atawachotea maji wote arobaini; atachimba vyoo, atachimba barabara kwa zamu ya Baba na ya kila mgonjwa, atazika. Ila chombo cha kujifunza kuua mtu hatakishika, hata kiwe cha mti, hata kiwe cha udongo. Afande akamwambia, "Jembe lina siku yake. Leo ni bunduki."

Nimewahi kuwasikia watu wa mjini wakisema Wafipa ni wapole. Ni kweli, tulijisifia hivyo wenyewe, kwamba nchi yetu haina hadithi za vita, kwamba mgomvi kwetu huonekana kama mtu aliyesahau kuvaa. Mngedhani basi mtu kama Kaka angebebwa mabegani. Nyie! Walimchukia. Waliokuwa wakiogopa kushika wakashika, sasa wakawa wanamwonea gere aliyethubutu kukataa. Hata mama za rafiki zangu walinong'ona kisimani kwamba kijana wetu amejifanya mtakatifu.

Siku sita ilikuwa hivyo. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu unakaa mpaka saa nne na nyasi zina barafu nyembamba. Walimlaza kwenye matope wakamwambia abingirike. Alibingirika. Walimchapa viboko, alihesabu pamoja na mchapaji, kwa sauti ya chini, nadhani ili asilie. Siku mbili alifungiwa katika stoo ya ofisi ya kata pamoja na magunia matupu ya mbolea, akatoka akikohoa. Na kila asubuhi ambayo hakufungiwa alirudi uwanjani mwenyewe, anasimama mwisho wa mstari, mikono nyuma. Hilo ndilo lililomtia Afande wazimu. Angekimbia wangemsahau.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Mwenyekiti alimwambia Baba kwamba nyumba isiyo na mgambo haitaandikwa kwenye daftari la mbolea, na mbolea yenyewe mwaka huo ilikuwa imeanza kuwa ya kutafutana. Wala haitapata barua ya utambulisho ya kwenda popote. Mahindi ya Ufipa bila mbolea ni ndevu tupu. Baba akamketisha Kaka jikoni.

"Mimi nimeichonga, mimi baba yako. Unanitukana?"

"Sikutukani, Baba. Ni wewe uliyenifundisha. Mkono ukishajifunza hausahau. Mimi nauogopa mkono wangu."

Baba aliinuka. Akachukua tezo, akaliangalia, akaliweka. Kisha akaanza kulia kwa mdomo wazi kama mtoto, na mimi sikuwa nimejua kwamba baba wanaweza.

Baba alikwenda hata kwa katekista. Katekista akamwambia Kaka, ya Kaisari mpe Kaisari. Kaka akauliza, "Na mkono ni wa Kaisari?" Katekista akasema atamwuliza Padre. Hakurudi na jibu, na Jumapili alipita mbali.

Sasa nifike pale ninapopazunguka. Mtanisamehe, mguu hauendi upesi mahali ulipovunjikia.

Kwetu kuna heshima ya kupokea. Mtoto akimletea mkubwa kitu, anapiga magoti, anakishika kwa mikono miwili. Na mkubwa anainama, anapiga makofi madogo matatu, anapokea. Kilicholetwa kwa magoti hakirudishwi. Hata kama ni maji machafu unayapokea, ukamwage baadaye. Kumrudishia mtoto aliyepiga magoti ni kumwambia mbele ya watu kwamba si mtoto wa ukoo huu; wazee walisema anayefanyiwa hivyo hataolewa, na akiolewa hatazaa. Kipo kitu kimoja tu kinachoweza kukuokoa. Kama mtoto ametumwa na mtu mwingine, unaweza kusema, "Kirudishe kwa aliyekutuma," na hapo hakuna aibu kwa mtoto, aibu inakwenda kwa mwenyewe.

Afande hakuyajua hayo, alikuwa mgeni. Mwenyekiti aliyajua. Siku ya sita jioni nilimsikia akimwambia barabarani, "Afande, wewe piga, piga, utachoka. Sisi huku hatupigani. Niachie mimi." Kisha akaja kwetu, akanikuta napepeta ulezi, akachuchumaa. Mzee mzima kachuchumaa mbele yangu, manyoya yanagusa makapi.

"Natu, mjukuu wangu. Unampenda kaka yako?"

"Ndiyo, babu."

"Kesho watampeleka wilayani, wakamfunge kweli. Unataka?"

Nikaanza kulia.

"Usilie. Wewe unaweza kumwokoa, wewe tu. Ile yenye ua, ni ya kwake, siyo?" Alikuwa ameliona ua. "Kesho umletee kwa magoti. Na akikuuliza nani kakutuma, sema hakuna, ni mimi mwenyewe. Umesikia? Sema."

"Ni mimi mwenyewe."

"Mtoto mwenye akili," akasema, akanipa pipi ya kijani.

Baba alikuwa nyuma ya ghala. Mpaka leo sijui kama alisikia. Mama alikuwa mtoni.

Asubuhi nilivaa gauni la komunyo. Nilijiambia ninamwokoa Kaka, na ni kweli nilimwonea huruma, lakini niwaambie pia yale mengine: nilitaka watu waone ile bunduki nilivyoing'arisha. Nilitaka kutazamwa. Kijiji kizima kilikuwa kimezunguka uwanja, ukungu unapita kati ya miguu yao, na Afande hakupiga filimbi. Wote walikuwa wamekwisha kuambiwa. Nilitembea mpaka mwisho wa mstari. Kaka alikuwa ameota ndevu, mdomo umepasuka kwa baridi. Nikapiga magoti kwenye barafu, nikainua kile kitu kwa mikono miwili.

"Kaka, pokea."

Aliniangalia. Akawaangalia watu wote, mmoja mmoja, kama anayetafuta mtu wa kumsaidia kubeba mzigo. Akainama karibu, sauti yake ilikuwa haipo, ilikuwa pumzi tu.

"Natu. Nani kakutuma?"

Alinipa mlango. Mimi nilikuwa na miaka kumi, magoti yanauma, pipi bado ina utamu kwenye meno.

"Hakuna. Ni mimi mwenyewe."

Na yeye, mtu asiyejua uongo, hakuujua hata ukiwa mbele yake. Alipiga makofi matatu madogo. Akapokea.

Watu walishangilia. Wanawake walipiga vigelegele kama harusini. Afande akapuliza filimbi yake mpaka mate yakaruka, na mstari ukaanza kutembea, kushoto, kulia, na kaka yangu mwisho wake, na ua langu begani kwake. Mwenyekiti alinibeba juu. Nilikuwa na furaha. Sitawadanganya, ilikuwa siku ya furaha kuliko zote nilizokuwa nimeziona.

Aliyekwisha kupokea hawezi tena kusema hakupokea. Hivyo ndivyo Kaka alivyoona. Alihudhuria mafunzo yote. Na ile mikono, Mungu nisamehe, ilijifunza. Ilikuwa mikono ya mchongaji, imetulia, haina haraka. Walipofika kwenye bunduki za kweli na kulenga shabaha, Afande alisema hajaona kijana kama huyu tangu aanze kazi. Alimpigia saluti kwa utani. Baba aliandikwa kwenye mbolea.

Mwezi wa kumi vijana wa mgambo walitelemshwa kwenda kuwaondoa wafugaji. Mimi sikuwapo, nasema nilichosikia. Walichoma nyumba za nyasi, wakaswaga ng'ombe. Kukatokea kelele na vumbi, vijana wa kule wakaja na fimbo kuzuia mifugo yao, Afande akapaza amri mara moja, na bunduki ikalia mara moja. Aliyeanguka alikuwa Masanja. Alifariki wakiwa wanambeba kwenye machela ya miti, kabla hawajafika barabarani. Mama yake na wengine wakaondoka na ng'ombe waliobaki. Walisema wameelekea Kaoze, wengine wakasema mbali zaidi.

Hakuna aliyeulizwa. Iliandikwa bahati mbaya. Mwenyekiti alimletea Kaka barua yenye mhuri, ya kumpongeza kwa utii.

Kaka alikaa nasi mwezi mmoja hivi. Alimwambia Baba maneno machache ya jambo lile, na Baba alimwambia Mama, na mimi nikayasikia ukutani: "Amri ilipotoka, mkono ulikuwa umekwisha kufanya." Alilima kwa jembe la mkono. Plau hakuigusa. Na kwangu hakuwa mkali, msidhani. Alinisalimia, alinisogezea kiti karibu na moto. Lakini nilipompelekea maji nikapiga magoti, alisema, "Weka chini, Natu." Chakula: "Weka chini." Nikaweka chini, nikaondoka, ndipo akakichukua. Hakupokea tena kitu mkononi mwangu. Nilidhani ni ugonjwa wa macho. Nilimwambia rafiki yangu kisimani kwamba Kaka ana ugonjwa wa macho, haoni mikono ya watu.

Siku aliyoondoka nilimfungia viazi na karanga katika kitambaa, nikamfuata mpaka njia panda. Alikuwa anakwenda Kipili, watu walisema, kutafuta chombo cha kuvuka ziwa. Barua ya utambulisho hakuomba. Nilipiga magoti vumbini, safari hii bila kutumwa na mtu yeyote, kweli kabisa, na nikamwambia hivyo: "Kaka, sijatumwa." Alisimama. Nikaona mikono yake inaanza kukutana kama ya mtu anayetaka kupiga makofi. Halafu akaigawanya.

"Weka chini," akasema. Akaokota, akaenda.

Hatukupata habari yake. Baba aliendelea kuchonga vinu, maana tungekula nini. Mama alifariki akimwulizia. Mwenyekiti naye alizikwa kwa heshima, na lile koti juu ya jeneza. Nilikwenda, nikalia pamoja na wengine, kwa sababu ndiyo adabu.

Mwaka juzi hapa mjini walikuja vijana kutufundisha akina mama wa sokoni mambo ya haki. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nasikiliza vizuri. Binti mmoja, mtaratibu, alikuwa anazitaja haki za binadamu moja moja, ya kumiliki ardhi, ya kusema, ya kuabudu. Alipofika kwenye hiyo ya kuabudu na dhamiri akasema, kama anayepita tu, kwamba hata mtu ambaye dhamiri yake inamkataza kushika silaha, hiyo nayo watu wanaihesabu kuwa haki, akatae, apewe kazi nyingine ya kuijenga nchi. Kuna nchi zinaikubali, kuna nyingine bado. Kisha akaendelea na mirathi.

Mimi nilibaki pale pale. Kazi nyingine. Jembe, ndoo, vyoo. Kaka aliyasema hayo yote kwenye ukungu kwa mdomo uliopasuka, na mahali fulani duniani yalikuwa yamekwisha kuandikwa, na hakuna aliyetuletea. Yeye alikuwa na neno "siwezi" tu.

Niliinua mkono. Nikauliza, "Mwanangu, kama mtu alikataa siku sita, ya saba mdogo wake akampelekea silaha kwa magoti, akapokea kwa kumhurumia mtoto. Hiyo haki yake inamhesabu amekataa au amekubali?"

Binti alitabasamu, hakuelewa. Nyuma mwenzangu muuza nyanya akasema, "Bibi Natu kaanza hadithi zake," wakacheka, na chai ikaletwa.

Nilikaa. Kwa miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba nilikuwa mtoto, nilitumwa, wakubwa ndio wenye kosa. Na ni kweli, wakubwa wana kosa. Lakini pale, na kikombe mkononi, ndipo nilipoelewa Kaka aliniuliza nini siku ile. Hakuwa anauliza jina la mtu. Alikuwa ananiomba nimsaidie kukataa, neno moja tu, kwa sababu nguvu zake zilikuwa zimekwisha na mimi ndiye niliyebaki upande wake. Yeye alikataa mpaka mwisho. Aliyekubali ni mimi.